Mwizi wa Nyasi za Zarlung

Delhi, 2 Desemba

Abi-le mpendwa,

Julley, bibi yangu. Natumai barua hii itakukuta na afya, magoti yakiwa yamekuhurumia na mbuzi wakiwa wameota manyoya mazito. Mimi ni mzima, isipokuwa koo linawasha kwa moshi wa mji huu. Nisalimie Goba, mkuu wetu wa kijiji, na Diskit, na yeyote atakayeniulizia hapo Nyokmar.

Tangu askari wa nchi mbili waanze kutazamana huko juu na minara ya simu izimwe, ni miezi mitano sasa sijasikia sauti yako. Dereva wa lori la mgao amekubali kubeba barua zetu kutoka Leh. Namshukuru, ingawa najua utamlisha jibini kavu mpaka meno yamtoke.

Kazi yangu ni ileile. Nakaa na ramani za mpaka, napanga majina ya mahali ya kwetu ili wakubwa wasiyatamke ovyo. Nina jambo dogo la kukuuliza, la kiofisi tu, usilifikirie sana. Majira haya ya baridi, kuna mtu yeyote wa Nyokmar anayelisha mbuzi Zarlung? Mlinipeleka shule ya bweni nikiwa na miaka sita, kwa hiyo nakumbuka jina na lile zizi la mawe, basi. Niliulizwa mbele za watu, nikaona haya kusema sijui. Nijibu upesi: yupo au hayupo.

Nimekuwekea dawa ya kuchua magoti. Usimpake mbuzi.

Mjukuu wako,
Kunzes


Nyokmar, 19 Desemba

Mjukuu wangu Kunzes,

Julley, julley. Barua imefika, dawa imefika, na dereva amekula vipande sita vya jibini bila kung'oka hata jino moja. Mimi mzima. Usiulize habari za magoti, magoti si mtu. Anayeandika ni Diskit, mkaza mwana wa Goba, maana mimi kalamu naijua kwa kuitazama. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Baridi imeingia mapema. Goba ametupangia kama kila mwaka, nani alishe wapi na kwa siku ngapi. Watu wamenung'unika kama kila mwaka, halafu wamekwenda alikowapanga. Safari hii sote tuko Kharlep, kule nyuma ya kilima kirefu. Njiani askari wetu wanatuandika majina kila asubuhi, utadhani mbuzi wana mpango wa kuvuka kwenda kwa Wachina kutafuta kazi.

Mwaka mpya umekaribia. Kwenye hema kubwa nitakaa kiti cha tatu kwa wanawake, kutoka kwenye jiko. Miaka hamsini iliyopita nilikuwa mlangoni kabisa, bibi harusi wa kuletwa, nikila theluji kila mtu akifungua pazia. Kwa hiyo ukisikia watu wanasema bibi yako ana maringo, wajibu kwamba anayo na ameyatolea jasho.

Ulichouliza: Zarlung haendi mtu. Umesikia? Haendi mtu, haendi mbuzi, hata kunguru akipita hapo anapita juu kwa juu. Andika hivyo, Diskit, na upige mstari. Tuache habari za Zarlung.

Diskit ananiuliza kwa nini natokwa jasho na baridi hii. Ni chai.

Unakula nini wewe? Mara ya mwisho kwenye simu sauti yako ilikuwa nyembamba kama uzi. Chai ya sukari haijengi mtu, tia siagi na chumvi. Na huyo mkubwa wako anayekuuliza maswali mbele za watu, mwambie una bibi.

Ni mimi,
Abi


Delhi, 14 Januari

Abi-le mpendwa,

Julley, na heri ya mwaka mpya. Natumai ulikaa kwenye kiti chako cha tatu ukawanyima usingizi walio kiti cha nne. Mimi nina afya tele, na safari hii nina furaha pia.

Jibu lako lilinifikia asubuhi ya kikao chenyewe. Nilisimama, mwanamke peke yangu, na mtu wa huko juu peke yangu, nikasema: Zarlung hapana mtu, nimehakikisha kwa mkazi mzee wa eneo lile. Mkubwa wangu akaandika maneno yangu kama nilivyoyasema. Baadaye alinimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Abi-le, miaka minne nimekaa katika ofisi hii wakiniita "yule wa milimani". Siku ile waliniita kwa jina.

Sasa naweza kukuambia kwa nini walitaka kujua, maana limeshatoka mikononi mwangu. Wakubwa wetu na wakubwa wa Kichina watakutana hemani mpakani. Wanataka askari wa pande zote warudi nyuma kabla mtu hajafyatua risasi. Wamekubaliana hivi: mahali palipolishwa majira haya na watu wa upande mmoja, patabaki pao. Mahali pasipokanyagwa na mtu patabaki patupu, asiingie askari wala mchungaji wa upande wowote, wasipate pa kugombania. Jambo lenyewe ni jema. Huenda minara ikawashwa.

Neno lako limefika mbali kuliko miguu yako ilikowahi kufika. Nilitaka ujue.

Mjukuu wako mwenye maringo ya kwenu,
Kunzes


Nyokmar, 11 Machi

Mjukuu wangu,

Julley. Mimi mzima kwa kiasi. Wewe sijui, maana tangu Desemba sina barua yako. Theluji imefunga njia, lori halijapanda wiki saba. Hii anaibeba askari anayeshuka kwa miguu kwenda hospitali. Diskit anakusalimu, vidole vyake vimevimba kwa baridi, kwa hiyo sitarefusha.

Wametufungia Zarlung.

Wamekuja askari wetu wenyewe, watoto wazuri, wanaona haya hata kututazama. Wamechomeka bendera nyekundu kuanzia mdomo wa bonde mpaka kwenye kijito. Ng'ambo ya kijito Wachina nao wamechomeka zao. Katikati asiingie mtu. Goba akawauliza, asiingie mpaka lini? Wakasema hawajui, amri imetoka juu. Goba akawauliza kama juu wanajua kwamba mbuzi wanazaa mwezi huu.

Wewe uliondoka mdogo, kwa hiyo nikueleze. Zarlung upepo unafagia theluji, nyasi hubaki wazi wakati kwingine kote kumefunikwa. Ndipo mbuzi wetu wanapozalia. Goba aliifunga majira mawili ili nyasi zipumzike, zinenepe, zifunguliwe mwezi huu kwa ajili ya mbuzi wanaozaa. Kijiji kizima kimevumilia Kharlep kwa sababu ya Zarlung. Sasa nyasi zimesimama pale, tunaziona kutoka huku kwenye bendera, na mbuzi wanazalia juu ya barafu. Nyumba ya mzee Targais wamezika watoto wa mbuzi kumi na tisa. Mimi saba. Ninawalaza ndani ya blanketi langu, asubuhi naamka na wawili wazima na mmoja mkavu.

Wewe unakaa na hao wa ramani. Nitafutie ni mpumbavu gani aliyewaambia Zarlung ni patupu. Nataka jina lake. Mwambie kuna bibi huku anataka kumtemea mate kwenye chai, na akimaliza kunywa amtemee tena.

Kula.

Ni mimi,
Abi


Nyokmar, 20 Aprili

Kunzes,

Julley. Njia imefunguka. Barua yako ya Januari imefika.

Diskit amenisomea. Kwa kawaida namwambia arudie. Safari hii hakurudia, na mimi sikumwambia.

Mimi mzima.

Abi


Delhi, 6 Mei

Abi-le mpendwa,

Julley. Natumai una afya. Mimi sina la kulalamika.

Barua yako ya Machi na ile fupi ya Aprili zimefika siku moja. Nimeanza kukujibu mara nyingi. Mpumbavu uliyemtafuta ni mimi, umeshajua. Nilikuuliza bila kukwambia sababu. Sikuruhusiwa kusema, lakini hiyo si kweli yote. Nilitaka kusimama pale nikiwa na jibu. Ningekuambia mbuzi wako wanategemea neno lako ungenieleza habari za kufunga na kufungua, kama ulivyonieleza Machi. Mtoto wa wachungaji, sikujua kwamba malisho yanayopumzishwa si malisho yaliyoachwa. Mtu wa Delhi angesamehewa.

Jina lako sikulitaja, na sitalitaja. Kwenye faili mna "mkazi mzee wa eneo" tu. Kama mtu akiuliza, sema hujui chochote. Afisa mmoja atapanda huko mwezi ujao kusikiliza malalamiko. Msikilizeni vizuri, ingawa sidhani kama kuna kitakachobadilika. Mkubwa wangu anasema kipimo kilikuwa majira haya ya baridi, na majira haya hapana wa Nyokmar aliyekanyaga pale. Mlitii, basi.

Nimekutumia soksi na majani ya chai. Najua soksi si nyasi.

Nisamehe,
Kunzes


Nyokmar, 23 Juni

Kunzes,

Julley. Mimi mzima, nawe nakuombea uzima. Salamu nyingine zisubiri, maana nikiendelea nazo nitajificha humo.

Anayeandika ni Diskit. Nimemwambia, leo utaandika kila ninachosema, hata nikikuambia ufute usifute.

Zarlung nilikuwa nakwenda mimi.

Diskit ameweka kalamu chini. Nimemwambia aishike. Ameishika.

Nilikwenda siku hamsini na moja. Nilizihesabu kwa vijiwe ndani ya kikombe, kwa sababu mwizi naye hupenda kujua kaiba kiasi gani. Kharlep ni mwendo wa saa tatu kupanda, na magoti yangu tangu mwaka juzi yanafika nusu ya kilima yanakaa chini yenyewe. Ningeweza kumwomba jirani achukue mbuzi wangu pamoja na wake. Kila mzee hufanya hivyo. Lakini ukishawatoa mbuzi wako kwa mkono wa mwingine, kesho yake unaitwa bibi wa hemani, unaachiwa kukoroga chai na kufukuza mbwa. Nikaona haya. Basi kila alfajiri, kabla askari hawajaanza kuandika majina kwenye njia ya Kharlep, nilizunguka nyuma ya ukingo na mbuzi thelathini na mmoja, nikawaingiza Zarlung kwenye bonde dogo ambako hatuonekani. Jioni nilirudi kwa njia ya Kharlep nikihema kama mtu aliyetoka mbali. Watu wakanisifu. "Abi Yudol bado chuma." Nikaitikia.

Nyasi zile zilikuwa za mbuzi wenye mimba wa kijiji kizima. Nilijua.

Halafu ikaja barua yako, na aliyenisomea ni mkaza mwana wa mtu aliyefunga malisho. Zarlung kuna mtu? Nilidhani nimeonekana. Nilidhani mtu kakuandikia, na wewe unanitega kwa kinywa cha Diskit. Nikatoa lile jibu la kunguru. Nilikuwa naficha mbuzi wangu kwa Diskit tu, Kunzes. Sikujua namjibu na Mchina.

Kosa lako unalolia nalo ni dogo. Uliuliza kijinga, ukajibiwa uongo. Hapa uongo ni wangu.

Bado sijafika kwenye aibu yenyewe.

Afisa wako alipanda tarehe kumi na nne mwezi huu. Tulikaa hema kubwa, kila mtu kitini kwake. Akatusomea kutoka kwenye karatasi kwamba habari za Zarlung zilithibitishwa na mkazi mzee wa eneo. Wazee wa Nyokmar tuko watano. Goba akatuzungushia macho mmoja mmoja. Mimi nikatazama jiko. Diskit alikuwa amebeba birika, na alijua, maana yeye ndiye aliyeandika na kupiga mstari. Alimimina chai mpaka ikafurika kwenye kikombe cha afisa.

Watu walimwangukia Targais. Unamkumbuka, yule mzee wa kicheko, anayekunywa pombe ya shayiri na askari na kuwasimulia kila kitu mpaka ndoto zake. Akaapa. Nani anamwamini mlevi akiapa? Siku ya pili walimshusha kutoka kiti cha pili mpaka mlangoni. Mkewe akienda kuchota maji wenzake wananyamaza. Yeye aliyezika kumi na tisa, wakamwambia ndiye aliyewaua.

Nami nilikaa kiti cha tatu. Siku tisa. Nilikula, nilikunywa, siku ya tano mtu alitania nikacheka.

Sasa Diskit amesema kitu, na nimemwambia akiandike kama alivyokisema. Amesema, "Abi-le, kila siku nakuja kwako nikisubiri useme hili. Mzee Targais atakaa mlangoni mpaka lini?"

Tutaimalizia kesho. Fimbo yangu iko wapi.


25 Juni. Naendelea.

Nilikwenda. Walikuwa wanagawa unga. Nilisimama mbele ya jiko nikayasema yote kama nilivyokuambia, tena kwa ufupi zaidi. Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana. Mke wa Targais alijifunika uso kwa kilemba chake akalia humo ndani.

Faini ya kulisha palipofungwa unaijua au huijui: mbuzi mmoja bora kwa nyumba ya watawa, na mwaka mzima mlangoni. Goba hakuhitaji kuitamka. Nilikwenda mwenyewe mpaka mwisho wa safu ya wanaume, alipokuwa ameketi Targais. Nikasema, "Targais, inuka. Hapo ni pangu."

Alinitazama sana. Ndevu zake zilikuwa na unga. Akasema, "Siku tisa nimekipasha moto, Yudol. Kaa kabla hakijapoa."

Nimekaa. Sijawahi kukaa mahali pagumu hivyo, na nimezaa watoto watatu juu ya mawe.

Goba muda wote alikuwa anachezea kijiko. Halafu akauliza, "Siku ngapi ulisema?" Hamsini na moja. "Mbuzi wangapi?" Thelathini na mmoja. "Kharlep askari hawakukuandika hata mara moja?" Nikamwambia wataniandikaje asubuhi na nilikuwa naiba kwingine. Akaweka kijiko. Nilidhani sasa ndiyo yanakuja. Akasema, "Afisa yule alisema kipimo ni majira haya. Kama angekuwepo mchungaji mmoja tu wa kwetu majira haya, Zarlung isingekuwa tupu." Akavuta pumzi. "Kijiji kizima kimenitii. Laiti ningekuwa na wezi kumi."

Watu walicheka, Kunzes. Mimi sikuweza.

Basi ndani ya barua hii kuna karatasi. Kaandika Diskit, dole gumba ni langu, Goba ametia muhuri wake. Inasema mimi Yudol wa Nyokmar nililisha Zarlung kutoka siku fulani mpaka siku fulani, kwa wizi, na kwamba niliyoyasema Desemba yalikuwa uongo. Orodha ya askari wa njia ya Kharlep ina majina ya nyumba zote, yangu haimo. Wakatazame. Wakitaka zaidi, zizi la mawe la Zarlung lina mavi ya mbuzi wangu mpaka kwenye kifundo cha mguu, na ni ya mwaka huu, mtoto wa miaka minne wa hapa atawaambia.

Najua ukiipeleka watauliza yule mkazi mzee ni nani, na utalazimika kusema. Najua wataacha kukumiminia chai. Ningekuwa bibi mwema ningesema fanya moyo wako unavyotaka. Sisemi hivyo. Ipeleke. Halafu kama utataka kunichukia, nichukie, lakini ukiwa umeshiba.

Ni mimi,
Abi


Delhi, 30 Julai

Abi-le mpendwa,

Julley. Nimekula kabla ya kukuandikia, kwa hiyo usianze na hilo. Natumai magoti yana nafuu. Mwambie Diskit mwandiko wake ulisomwa na watu wengi wenye tai shingoni na hakuna aliyekosa hata neno.

Ningetaka kukuambia niliipeleka siku ileile. Nilitembea nayo mkobani siku nne. Siku ya pili nilipanda hadi mlango wa mkubwa wangu nikamuuliza habari za likizo. Siku ya tatu nilijiambia wewe ni mzee, umechanganya siku, nikurudishie karatasi yako kwa heshima. Usiku nilikuona umekaa mlangoni. Ya nne niliingia.

Aliisoma mara mbili. Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Huyu mkazi mzee ni nani wako?" Wenzangu wawili walikuwa humo na ramani zao. Nikasema ni bibi yangu, mama wa mama yangu. Akauliza, "Kwa hiyo nilikwenda mbele ya wakubwa zangu na neno la bibi yako, na bibi yako alikuwa anamficha mbuzi?" Nikasema ndiyo, thelathini na mmoja. Mmoja wa wale wawili alicheka, akajifanya anakohoa.

Wamenitoa kwenye ramani. Sasa nakaa chini, napokea bahasha na kuzigonga mihuri. Huku napo kuna mlango, unafunguliwa mchana kutwa. Wameanza tena kuniita yule wa milimani.

Karatasi yako iko kwenye faili. Orodha ya askari wameitazama, ni kama ulivyosema. Mwezi wa tisa watatuma watu wawili wapande wakalitazame zizi wakiwa na ruhusa ya pande zote mbili, na wakubwa wakikaa tena hemani jambo lenu litatajwa. Kutajwa tu, Abi-le. Wachina wanaweza kusema kwamba watu wanaobadilisha neno kila majira hawana neno. Nami sitakuwa na la kuwajibu. Sikuahidi chochote, na wewe usimwahidi Goba.

Nimeomba likizo, na safari hii kweli. Nitapanda na hao wawili, maana hawajui njia. Nataka kuja hema kubwa nimwombe radhi mzee Targais na mkewe kwa mdomo wangu. Najua mgeni wa kutoka mjini huwekewa mto karibu na jiko. Msiniwekee. Nitakaa chini yako, mlangoni.

Mjukuu wako,
Kunzes


Nyokmar, 17 Agosti

Mjukuu wangu,

Julley. Mimi mzima. Barua yako Diskit ameisoma mara tatu, na ya tatu aliisoma mbele ya watu, sikumkataza.

Bendera bado zipo. Jana nilijikokota mpaka pale na fimbo. Nyasi zimeota zimenifika magotini, zinalala na kuinuka kwa upepo, hapana anayezila. Zizi linaonekana. Sikuvuka. Askari wa zamu alinikaribisha chai, nikainywa nikiwa nimeyapa magoti kazi ya kupumzika, nikarudi.

Mbuzi wangu sasa wanatoka na wa Targais. Nilimwomba mwenyewe. Ilinichukua asubuhi nzima kulitoa neno mdomoni, naye, mbaya yule, alijifanya hasikii ili nirudie. Wamebaki kumi na wanane, wengine tumewapunguza kabla ya baridi kama kila nyumba. Kama Zarlung haitafunguliwa mwezi wa tatu tutapunguza tena. Goba hajaniuliza wakubwa wako wamesemaje. Ananipita mlangoni akiingia, ananipa julley, basi.

Habari ya mto nimempelekea Goba. Nimemwambia mjukuu wangu anakuja na hataki kukaa juu. Akasema mtu aliyesoma hajawahi kukaa mlangoni Nyokmar. Nikamwambia na mtu wa umri wangu pia hajawahi, na hema halijaanguka. Jioni Diskit alileta mto mwingine akauweka chini ya wangu, upande wa pazia.

Hapo pana upepo, mtoto wangu. Unaingia kwa miguuni. Njoo na soksi zako nene, zile ulizonitumia nimezivaa mimi.

Ni mimi,
Abi